Safu Mbili Zangu na Faili la Emőke

2 Oktoba
Amefika. Niliambiwa anakuja "binti mmoja kutoka Kolozsvár", nikamtegemea msichana mwembamba mwenye haya. Kumbe ni mwanamke wa rika langu, mabega mapana, kicheko kinachosikika mpaka ngazini. Jina lake Emőke. Mwalimu Hajnal, mkuu wa kikundi chetu cha utafiti, ambaye kwa miaka sita hajaniletea hata kikombe cha chai, alimvua koti kwa mikono yake mwenyewe na kulitundika.

Amepewa meza ya dirishani, ile yenye bomba la joto chini yake. Mimi niliiomba meza ile mara mbili.

Daftari hili nimelinunua njiani nikirudi nyumbani. Nikiyaandika labda nitaacha kuyasema.

4 Oktoba
Ukungu. Watu wote wa ghorofa yetu wameshaipenda lafudhi yake ya ng'ambo ya mpaka. Mlinzi wa mlangoni anamwambia, "Sema tena, dada, sema tena 'viazi'." Naye anasema. Wanacheka wote. Mimi nimezaliwa hapa Pécs na hakuna aliyewahi kuniomba niseme viazi.

9 Oktoba
Leo Mwalimu alimweleza Emőke kazi yetu mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Juu kule chini ya milima ya Mecsek upo mtaa wa wachimba makaa wa zamani. Tunawahoji wazee wote waliovuka miaka sabini: unamtegemea nani, na nani anakutegemea. Kila mzee ni nukta. Kila jina analolitaja ni uzi unaokwenda kwenye nukta nyingine. Baridi kali ikianza, Vilmos wa ofisi ya ustawi, Vili tunavyomwita, anawatuma watu wake wa kujitolea wakabishe hodi kwanza kwa wale wenye nyuzi chache. Wanaohoji ni wengi, lakini faili ni langu. Miaka sita ni langu. Safu mbili tu: kushoto jina, kulia jina. Mstari mmoja, uzi mmoja. Basi.

"Na sifa zao unaziweka wapi, Sári?" Emőke akaniuliza.

Mimi ni Sarolta. Sári ananiita mama yangu, na Mwalimu siku akiwa na furaha.

"Sifa zipi?"

"Umri, ghorofa, kama jiko lake ni la makaa au la gesi, kama ana simu."

"Kwenye jedwali la pili."

"Na uzi ukiwa na nguvu au ukiwa umelegea, unajuaje?"

"Jedwali la tatu."

"Aa," akasema.

Hiyo "aa" nimekuja nayo nyumbani, nimekula nayo, na sasa naandika nayo.

13 Oktoba
Sasa nimejua alichokuwa anakitafuta. Chai ya asubuhi ilipokwisha alisogeza kiti mbele ya Mwalimu akasema tubadilishe namna ya kuhifadhi mtandao wetu. Anataka muundo unaoitwa GraphML. Katika faili moja, kila nukta inatangazwa kwanza kwa jina lake, na sifa zake zinafuata chini yake, umri, jiko, simu, kila kitu. Kisha zinakuja nyuzi, nazo zikiwa na sifa zao. "Na si kitu cha siri," akasema. "Ni maandishi matupu. Hata programu yetu ikifa kesho, mtu ataweza kulisoma kwa macho yake."

"Refu," nikasema. "Faili langu la kurasa kumi litakuwa kurasa mia."

"Litakuwa refu, ndiyo."

"Na Vili atalifunguaje? Vili ana programu ya majedwali tu pale ofisini."

"Tutamtolea jedwali kutoka humo. Ukiwa na kikubwa unaweza kukata kidogo. Ukiwa na vipande vitatu ukapoteza kimoja, utakishona na nini?"

Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa kumwitikia. Namjua vile anavyotikisa kichwa. Alikuwa akinitikisia mimi hivyo. Alisema tupewe wiki mbili, kila mtu ajaribu la kwake, kisha aamue. Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu aliyewasha redio asikilize mpira.

16 Oktoba
Mvua. Vili alikuja kuulizia ratiba ya mahojiano na mfuko wa vimkate vya pogácsa, vingali moto. Kwa kawaida huuweka kwenye meza yangu. Leo aliuweka kwenye ile ya dirishani.

17 Oktoba
Pogácsa zilikuwa zimebaki mbili. Nimezila zote.

20 Oktoba
Nimecheka leo, na niandike hapa kwamba nimecheka. Vili alifungua jedwali letu kwenye mashine yake akanipigia simu: majina yote yenye herufi ő yameharibika. Alikuwa ananisomea, "Em-alama ya kuuliza-ke. Nani huyu?" Kwa kuwa Emőke naye anahoji wazee, jina lake limo kwenye jedwali la pili, safu ya wahoji.

Nilimwonyesha pa kubofya ili herufi zirudi. Dakika moja tu. Lakini baada ya kukata simu niliendelea kumwita hivyo kimoyomoyo mchana kutwa.

Jioni Emőke akasema kwenye faili lake usimbaji, yaani namna ya kusoma herufi, unaandikwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, hivyo jambo hilo haliwezi kutokea. Hakuna aliyemuuliza.

23 Oktoba
Sikukuu ya taifa. Mvua. Nimelala.

27 Oktoba
Wote walipokwenda kula nilibaki nikasema tumbo linanisumbua. Nikachukua mahojiano ya mwaka jana ya mtaa mzima nikayaweka kwenye muundo wake.

Nilitaka livunjike. Niseme ukweli, nilikaa pale nikilitakia baya faili la kompyuta. Nikalisoma ndani, nikalifunga, nikalifungua kwenye programu nyingine, nikalirudisha kwenye ile ya kwanza. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ajuza wa nambari kumi na nne na jiko lake la makaa. Uzi wake kwa dada yake, uzi wenye nguvu. Uzi wake kwa muuza magazeti, uliolegea. Majedwali yangu matatu, niliyokuwa nikiyaunganisha kwa mkono kila Novemba mpaka macho yanaingia ukungu, yalikuwa yamekaa humo pamoja kama familia mezani.

Nikalifuta. Nikaenda kunawa uso.

Lingekuwa baya ningemhurumia. Ningemsaidia hata.

30 Oktoba
Kikao. Mwalimu, mimi, Emőke, na Vili aliyealikwa kwa sababu yeye ndiye mtumiaji.

Emőke alianza. Alizungumza vizuri, bila makaratasi. Akasema upo na muundo wa tatu, faili linalofunguka kwa programu yetu peke yake, nao ni wa haraka kuliko yote lakini hautufai, maana ni kama kufungia chakula kwenye sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa jirani. Vili akacheka. Halafu Emőke akageuka kwangu, si kwa Mwalimu.

"Jambo moja linanisumbua kwenye safu mbili, Sári. Mzee ambaye hakutaja mtu, na hakutajwa na mtu. Yeye anakaa wapi?"

"Kwenye jedwali la pili. La sifa. Wote wamo."

"Kwa hiyo lazima mtu akumbuke kulifungua na hilo."

"Mimi nakumbuka," nikasema. "Miaka sita nakumbuka."

Na ni kweli, nilikuwa nakumbuka.

Kisha nikamgeukia Vili. Nilijua nitamgeukia, nilikuwa nimevaa blauzi ya kijani. "Vili, theluji imeanguka, watu wako wanane wamesimama ofisini na buti zao. Unataka nikupe kitu gani?"

"Kitu kinachofunguka," Vili akasema. "Samahani, Emőke. Mimi ni mtu wa ustawi. Nikiona mabano na alama zile napata jasho."

Mwalimu akafunga kalamu yake. Mwaka huu tubaki na safu mbili, akasema, na mwakani tutazame upya. Nimeshinda.

Emőke akasema, "Sawa." Hakuninunia. Baada ya saa moja alikata keki ya plamu alizozikausha mama yake, plamu na asali, akaniletea kipande kikubwa kuliko vyote. Nilitamani anitukane.

1 Novemba
Siku ya kuwashia marehemu mishumaa. Nilikwenda kwa baba. Makaburi yote yalikuwa yanawaka, na moshi wa nta ukawa mzito kwenye ukungu.

Wafu wa Emőke wako mbali, Kolozsvár. Hapa watu wa namna hiyo huwasha mishumaa chini ya msalaba mkubwa wa pamoja. Nilimwona pale amechuchumaa, anakinga kiberiti na kiganja. Aliyemshikia mwavuli alikuwa Vili.

Nikazunguka kwa njia ya nyuma, kwenye matope, ili wasinione. Viatu vyangu vizuri vimeharibika.

11 Novemba
Siku ya Mtakatifu Márton, watu wanakula bata bukini. Vili amewaalika "wote". Wote maana yake alitualika Emőke na mimi kwa sauti moja, akimtazama yeye. Nikasema nina wageni. Nimekula mkate na mafuta ya bata, kitunguu juu, mbele ya televisheni.

14 Novemba
Mahojiano yamekwisha. Upepo umegeuka, unatoka kaskazini.

16 Novemba
Saa tatu asubuhi Vili alipiga simu: kesho usiku baridi inashuka vibaya, anataka orodha ya nani aanze naye. Mapema iwezekanavyo.

"Utaipata leo jioni," nikasema. Nilikuwa na hesabu yangu: asubuhi nyuzi, mchana sifa, alasiri kuunganisha.

Nilipopita nyuma ya Emőke nikaona kioo cha kompyuta yake. Alikuwa na mtandao mzima umechorwa, mzuri, wenye rangi, nukta kubwa na ndogo. Wa kwake, katika muundo wake.

"Unafanya nini?"

"Nacheza tu. Nilitaka kuona unavyofanana. Ukitaka nikutolee orodha ya Vili, ni kazi ya dakika kumi."

Dakika kumi! Masikio yaliniwaka. Nilimwona kichwani mwangu akiingia ofisi ya Vili na karatasi yake ya rangi, na Vili akimsogezea kiti.

"Asante," nikasema. "Yangu iko tayari."

Haikuwa tayari. Nilikaa nikahesabu kila jina limetokea mara ngapi kwenye safu mbili, nikapanga kuanzia aliyetokea mara moja, nikapachika anwani kutoka orodha ya mwaka jana, nikatuma. Ilikuwa bado saa nne na nusu. Vili akajibu: Sarolta, wewe ni malaika.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

18 Novemba
Theluji. Watu wa Vili wako mtaani. Bibi mmoja wa orodha yangu walimkuta amejifunika mazulia, makaa yamemwishia. Wamempelekea. Mwalimu alinishika bega kwenye korido: "Sári, kazi safi." Sári!

Emőke alisikia. Akasema, "Kweli, safi sana." Nikatafuta kejeli usoni mwake, sikuipata, nikamkasirikia kwa hilo pia.

21 Novemba
Baridi ileile. Meza ya dirishani ina jua kuanzia saa tano.

24 Novemba
Naandika jioni.

Asubuhi Emőke alikuja kwenye meza yangu akavuta kiti akakaa karibu sana. Hakuwa anacheka.

"Sári, Mzee Dezső hayumo."

"Dezső yupi? Wapo watatu."

"Wa juu kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Nilimhoji mimi. Nimekutana na Vili kwenye basi nikamuuliza, mzee wangu anaendeleaje na baridi hii? Akaniuliza, mzee gani."

Nikafungua orodha. Hakuwemo. Nikafungua safu mbili nikalitafuta jina. Hakuwemo.

"Ulimwandika?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa na tumaini ovu, na sitalificha hapa. Nilitaka awe yeye ndiye aliyekosea.

"Nilimwandika. Alinipikia chai ya waridi mwitu. Nilipomuuliza unamtegemea nani akasema, andika hakuna, binti yangu, tena andika kwa wino, usinionee huruma kwa penseli."

Hapo ndipo nilipoelewa. Asiyetaja mtu na asiyetajwa hana uzi. Asiye na uzi hana mstari. Asiye na mstari kwenye safu mbili zangu, hayupo duniani. Nilikuwa nimepanga wapweke kuanzia mwenye uzi mmoja. Wasio na hata mmoja, wale hasa ambao kazi hii yote ilianzishwa kwa ajili yao, walikuwa kwenye jedwali la pili, na jedwali la pili sikulifungua. Kwa miaka sita nililifungua. Mwaka huu nilikuwa na haraka.

"Umemwambia Mwalimu?"

"Kwa nini nimwambie Mwalimu?" Akashangaa kwa dhati. "Faili ni lako. Vaa koti."

Alikuwa ameshatoa orodha ya wote wasio na uzi kutoka faili lake. Haikuwa ndefu, karatasi moja. Vili alitungoja chini na gari la ofisi. Nilimwambia palepale, nikiwa nimesimama kwenye theluji: "Ni mimi. Niliruka jedwali." Akanitazama, akasema tu, "Ingia."

Tukaanza juu, kwa Dezső. Bomba la moshi wake halikuwa linatoa kitu. Vili akagonga mlango. Akagonga dirisha. Emőke akaweka mikono mdomoni akaita, "Mzee Dezső! Ni yule mwenye lafudhi! Nimerudi kunywa chai!"

Tukasikia mlio. Chuma kwenye chuma, taratibu, kama mtu anayegonga bila kutumaini sana.

Vili alivunja mlango kwa bega na kwa sururu aliyoikuta bandani. Mzee alikuwa chini jikoni, kando ya jiko lililozimika, ndoo ya makaa imemwagika. Alikuwa ameteleza asubuhi ya jana. Alikuwa amevuta kitambaa cha meza akajifunika, na alikuwa anagonga mguu wa jiko kwa kijiko. Midomo ilikuwa ya bluu.

"Mmechelewa," akasema. "Chai imepoa." Kisha akaanza kulia, bila sauti.

Emőke akalala sakafuni, naam, akalala kabisa kwenye vumbi la makaa, akamkumbatia kwa nyuma ampe joto mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mimi nilikuwa nimesimama na blanketi mkononi. Sikujua niliweke wapi. Nitasema lililonipitia, maana ndiyo sababu ya daftari hili: hata pale, nikimtazama, niliona wivu. Mimi nisingefikiria kulala chini.

Waliobaki tuliwapitia wote mpaka giza likaingia. Walikuwa wazima. Bibi mmoja mwenye paka alitufokea: "Nilisema sina mtu, sikusema nataka mtu! Futeni buti!" Tukafuta buti.

25 Novemba
Nimekwenda kwa Mwalimu. Emőke alitaka tuingie pamoja, nikamkatalia. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ile saa nne na nusu.

"Nani alikuharakisha?" akauliza.

"Hakuna. Nilitaka nimtangulie."

Akavua miwani akaisugua muda mrefu. Nilingoja anifukuze. "Nilijua mnashindana," akasema. "Nilikuona ulivyokonda tangu Oktoba. Nikajiambia, mwache, kazi inakwenda. Niliwahi kufurahi hata." Akavaa miwani. "Nyonga imevunjika. Watampasua kesho. Daktari anasema ana moyo wa farasi. Sasa nenda ukaniletee faili la Emőke, unifundishe kulisoma."

"Akufundishe yeye."

"Nataka unifundishe wewe, ili nijue umelielewa."

28 Novemba
Tumehamia. Nimeyahamisha mahojiano ya miaka yote sita, nukta kwanza, nyuzi baadaye. Nimegundua kwamba mwaka juzi pia nilikuwa nimeandika jiko la gesi kwa mtu wa makaa. Emőke ndiye msimamizi wa data tangu leo, kwa maandishi. Nimempa mkono. Mkono wake ni wa moto daima.

3 Desemba
Hospitali, wodi ya mifupa. Muuguzi aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema ninamletea supu. Akaandika kitu.

6 Desemba
Siku ya Mikulás, mtakatifu anayewajazia watoto viatu. Mzee Dezső ameamka vizuri baada ya upasuaji. Supu yangu ya kuku ameila yote, mpaka karoti. Kisha akafuta masharubu akaniuliza:

"Na yule mwingine yuko wapi? Mwenye kicheko?"

"Ana kazi."

"Mwambie aje. Ana mikono ya moto."

Nitamwambia kesho. Ndiyo, kesho, si leo.

10 Desemba
Emőke alikwenda mara moja, robo saa, mikono mitupu. Wodi nzima inamzungumzia. Mimi nimekwenda kila siku nikitoka kazini, na mzee wa kitanda cha jirani ananiita "yule wa supu".

15 Desemba
Mvua juu ya theluji. Vili na Emőke wanakwenda Kolozsvár Krismasi, kwa mama yake. Aliniambia mwenyewe, Emőke, amesimama mbele ya meza yangu anakunjakunja skafu. "Sikutaka uisikie kwa mtu. Nilijua tangu ile blauzi ya kijani, Sári."

"Ilijulikana sana?"

"Kwangu tu. Yeye haoni kitu, unamjua."

Tukacheka wote wawili, mimi bila kupenda. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, si sana.

20 Desemba
Mwalimu aliamua wale tuliowaruka wahojiwe upya kabla mwaka haujaisha, maana baada ya yote yaliyotokea huenda majibu yamebadilika. Vili alikwenda kuwahoji, akaniletea karatasi leo mchana. Emőke yuko nyumbani anafunga mizigo, kwa hiyo kuyaingiza ni juu yangu.

Wengi ni vilevile. Bibi wa paka amejibu kila swali kwa jina la paka, na Vili, kwa uaminifu, ameyaandika yote.

Karatasi ya Mzee Dezső ilikuwa ya mwisho. Unamtegemea nani? Jina moja: Emőke. Nguvu ya uzi: tano, ndiyo ya juu kabisa. Nikageuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

Nilikaa. Ofisi ilikuwa tupu. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, na muundo huu hauna ubishi, ukiongeza uzi unaupokea. Ningeweza kuandika mstari mmoja chini ya ule, kutoka kwake kuja kwangu, hata nikaupa nguvu mbili tu, wala si tano. Supu ya wiki tatu haifikii hata mbili? Hakuna ambaye angejua. Niliuandika hata. Niliutazama pale ulivyokaa.

Nikaufuta. Mwenyewe hakusema hivyo.

Nikaandika alichosema: kutoka Dezső, kwenda Emőke, nguvu tano. Nikahakiki, nikahifadhi, nikazima taa. Sufuria ilikuwa juu ya bomba la joto la dirishani, nimeifunga kwa taulo. Wodini wanafunga mlango saa kumi na mbili, na mzee hapendi supu iliyopoa.